Staringi Hafi: Shujaa wa Hadithi za Picha na Mabadiliko ya Visa Vyake katika Nchi ya Chai

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hawajazipa hadithi za picha nafasi kubwa. Huhesabiwa kuwa burudani ya watoto, au ya watu wazima wasiopenda kusoma. Makala haya hayana nia ya kuzitetea zote, kwani nyingi hazistahili utetezi. Kusudi lake ni kueleza jambo moja tu: namna kisa cha shujaa mwenye nguvu za ajabu kinavyobadilishwa mara kwa mara, na maana ya badiliko hilo kwa shabiki wa Kericho au Bomet, mahali ambapo hadithi haisomwi tu bali husimuliwa upya.

Mashamba makubwa ya chai yalianza kupandwa Kericho katika miaka ya 1920. Kazi ya kuchuma majani iliwakutanisha Wakipsigis, ambao ndio wenyeji, na Wagusii, Waluo na Waluhya waliotoka sehemu nyingine. Katika laini za wafanyakazi kila nyumba ina lugha yake, bali uani Kiswahili ndicho kinachotumika. Kitabu cha picha cha Kiingereza kikiingia katika laini ya namna hiyo, anayekijua Kiingereza hulazimika kuwafasiria wenzake. Picha wanaziona wote. Maneno wanayapata kwake. Hivyo basi msomaji hugeuka kuwa fanani, na wanaomzunguka huwa hadhira.

Shujaa wa kwanza wa aina hii aliyevuma sana Afrika Mashariki hakuchorwa, alipigwa picha. Huyo ni Lance Spearman wa gazeti la African Film, lililotolewa na kampuni ya Drum katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alikuwa mpelelezi Mwafrika mwenye kofia na suti, asiyeshindwa na adui yeyote. Kisa chake hakikubadilika: wiki hii hatari, wiki ijayo ushindi. Wala Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo kadhaa, hakubadilika. Lakini yeye ni juha, na ujuu wa juha hauhitaji historia.

Ni katika mazingira hayo ya filamu na picha ambapo neno «staringi» linapaswa kuangaliwa. Limetokana na neno la Kiingereza linalotangulia majina ya waigizaji wakuu filamu inapoanza. Watazamaji wa Afrika Mashariki walilichukua wakalifanya jina la mhusika mwenyewe, kisha wakalitungia kanuni: staringi hafi. Hapa pana nadharia kamili ya utanzu, iliyotolewa kwa maneno mawili na watu wasiowahi kukaa katika ukumbi wa mihadhara. Anayeijua kanuni hii haogopi risasi zikipigwa. Hungoja tu kuona staringi ataponaje.

Kanuni hiyo iliingia mashakani mbele ya mashujaa wa Marekani. Superman, aliyetungwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alitokea mwaka 1938 katika toleo la kwanza la Action Comics. Wakati huo hakuwa akipaa. Aliruka tu mfano wa panzi, masafa ya thumuni ya maili. Uwezo wa kupaa aliupata baadaye. Miaka ilipozidi kupita, visa vilianza kugongana, kwa kuwa shujaa hazeeki na matoleo hayakomi. Mwaka 1961, katika hadithi ya Flash, ilielezwa kuwa mashujaa wa zamani waliishi katika dunia nyingine iliyo sambamba na hii. Dunia zikaongezeka hata zikawashinda wenyewe, na katika matoleo 12 ya mwaka 1985 na 1986 kampuni ikaziangamiza ili historia ianze upya. Mwishoni mwa mwaka 1992 Superman akauawa, na mwaka uliofuata akarudi.

Shabiki wa kweli hulichukia jambo hili na kulipenda kwa pamoja. Hulichukia kwa sababu aliyoyahifadhi kwa miaka mingi hutangazwa kuwa hayakutokea. Hulipenda kwa sababu linampa kazi: kulinganisha matoleo, kubishana, kuwaeleza wageni kwamba Flash huyu siye Flash yule. Kazi hiyo haina tofauti kubwa na ya mtaalamu anayelinganisha miswada ya utenzi mmoja.

Mfano ulio karibu zaidi na nchi ya chai ni Ororo, aitwaye Storm, yaani Dhoruba. Alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975. Anapoonekana mara ya kwanza yuko Kenya, akiabudiwa na wanakijiji kwa sababu huwaletea mvua. Kenya hiyo ya kubuni haikuwa na barabara wala shule, ingawa nchi ilikuwa na miaka 12 ya uhuru. Mtu wa Kericho angekuwa na swali lake jingine: ikiwa binti huyu hutawala mawingu, mbona hakuizuia mvua ya mawe inayoharibu chai? Wakulima, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, walijaribu kuizuia kwa kutumia ndege zilizotia dawa mawinguni.

Baadaye Ororo alipewa nasaba: mama binti wa kifalme kutoka Kenya, baba Mmarekani, na utoto wa yatima mjini Cairo. Mwaka 1980 ilitolewa hadithi kwamba alipokuwa msichana alimwokoa T'Challa, yaani Black Panther, mikononi mwa watekaji. Mwaka 2006 mkutano huo ulisimuliwa upya kwa namna nyingine, na wawili hao wakaozwa; mwaka 2012 ndoa ikavunjwa. Maamuzi haya yote yalifanywa New York. Shabiki anaweza kuandika barua ya kulalamika, bali hawezi kukataa. Kisa ni mali ya kampuni. Siegel na Shuster wenyewe waliuza haki ya Superman kwa dola 130.

Masimulizi ya jadi nayo hubadilika, ila hayabadilishwi kwa amri. Mashujaa wake, tena, hawaifuati kanuni ya staringi. Fumo Liyongo hufa, kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe. Lwanda Magere wa Waluo hufa pia. Mwili wake ulikuwa jiwe, na mkuki haukumwingia. Maadui zake, Lang'o, wakampa binti yao awe mke. Siku alipougua na kuhitaji kuchanjwa, alimwagiza mkewe akichanje kivuli chake, na damu ikatoka kivulini. Binti akakimbilia kwao na siri hiyo. Vitani wakakichoma kivuli, naye akageuka jiwe.

Lang'o ni jina ambalo Waluo huwaita Wanandi na Wakipsigis. Uwanda wa Kano, ambako jiwe hilo huonyeshwa, umepakana na milima ya Kericho. Msimulizi Mluo anapoitamba hadithi hii katika laini ya chai, jirani yake Mkipsigis humsikia Lwanda akiitwa shujaa na binti akiitwa msaliti. Naye akiisimulia kwake, binti ndiye staringi: aliyeingia peke yake katika nyumba ya adui na kutoka na siri iliyowaokoa watu wake. Tukio ni lile lile, na hakuna toleo linaloweza kufuta jingine. Baada ya ghasia za 1991 na 1992, na zile za 2007 na 2008, zilizowafukuza majirani wengi kutoka mashamba hayo, swali la nani staringi na nani adui si la mchezo. Msimulizi mwenye busara huwatazama kwanza waliokaa mbele yake.

Mwaka 2010 kilizinduliwa kitabu cha picha cha Shujaaz, kwa Sheng, kikigawiwa bure. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana asiye na kazi ambaye ameanzisha redio ya siri chumbani mwake. Hapai wala hana mwili wa jiwe. Sheng yake ni ya Nairobi, na katika laini za Kericho bado hutafutiwa mfasiri.