Mkoba wa kripto: kabla ya kuufungua, jua nani anashika ufunguo



Katika zone ya afya ya Kibua, inayogusa Masisi na Walikale, watu wengi wanaishi mbali na banki. Pesa inatembea katika simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, na kabine ya kutolea keshi. Tangu vita vilipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na mabanki ya mji kufunga milango, simu imebeba mzigo mkubwa zaidi. Keshi ikawa haba na makato ya kutoa pesa yakapanda. Katika hali hiyo neno «kripto» linasikika hata mbali na mji. Ndugu aliye Kampala, Nairobi au Kanada anauliza: «Una mkoba wa kripto nikutumie humo?» Kijana wa kwaya naye anaambiwa na rafiki afungue mkoba leo leo, kwa sababu bei inapanda.

Makala haya hayamsukumi mtu kuingia katika kripto, wala hayamkatazi. Yanaeleza namna ya kuchagua mkoba kwa mtu anayeanza, hasa mtu anayeishi mahali ambapo simu inaweza kunyang'anywa njiani. Swali kubwa ni moja: siku simu ikipotea, nani ana ufunguo wa pesa?

Mkoba ni nini

Wengi wanafikiri sarafu ya kripto imo ndani ya simu. Sivyo. Fikiria daftari la AVEC, ambamo kila akiba na kila mkopo vinaandikwa mbele ya wanachama wote. Bitcoin na sarafu zinazofanana nayo zinaandikwa katika daftari la namna hiyo, ila nakala zake ziko katika maelfu ya kompyuta ulimwenguni. Simu ikivunjika, daftari linabaki.

Mkoba unatunza vitu viwili. Cha kwanza ni anwani. Hiyo unaweza kumpa mtu yeyote anayetaka kukutumia, kama vile unavyotoa namba yako ya M-Pesa. Cha pili ni ufunguo wa siri. Huo una nguvu kuliko namba ya siri ya simu, kwa sababu anayeupata anaweza kuhamisha pesa yako akiwa popote, bila simu yako, bila laini yako, bila karti yako ya uchaguzi.

Ili ufunguo uandikike kwa urahisi, mikoba mingi inautoa kama maneno 12 au 24 ya kawaida, yaliyochaguliwa na programu yenyewe kutoka orodha ya maneno 2048. Mpangilio wake ni lazima ubaki vilevile. Neno la tatu likiandikwa mahali pa la nne, ufunguo haufungui.

Aina mbili za mkoba

Aina ya kwanza ni mkoba unaotunzwa na kampuni, kama ule wa Binance. Unafungua akaunti kwa imeli au namba ya simu, unaonyesha kitambulisho, na kampuni inabaki na ufunguo. Ukisahau neno la siri, unaandikia kampuni, inahakikisha kwamba ni wewe, kisha inakurudisha ndani. Kwa mtu aliyezoea M-Pesa, njia hii ni rahisi kueleweka. Hatari yake ni kwamba pesa inategemea uaminifu wa kampuni. Mnamo Novemba 2022 kampuni ya FTX, iliyokuwa kati ya kubwa sana ulimwenguni, ilianguka kwa siku chache, na wateja wakafungiwa nje ya pesa zao. Mwanzilishi wake alihukumiwa Marekani mwaka 2024 kifungo cha miaka 25.

Aina ya pili ni mkoba ambao ufunguo wake unaushika wewe peke yako. BlueWallet ni mfano kwa Bitcoin, na Trust Wallet ni mfano wa mkoba unaobeba sarafu nyingi. Hapa hakuna ofisi ya kupigia simu. Simu ikiibwa, unatafuta simu nyingine, unaweka programu, unaandika maneno yako 12, na pesa inaonekana tena. Maneno yakipotea pamoja na simu, hakuna mtu wa kukusaidia, hata aliyetengeneza programu.

Kuna pia vifaa vidogo vya kutunzia ufunguo nje ya simu, kama Ledger ya Ufaransa na Trezor ya Jamhuri ya Cheki. Vinamfaa mwenye akiba kubwa. Ukikuta kimoja kikiuzwa sokoni kikiwa kimeshatumika, au kina karatasi yenye maneno yaliyoandikwa tayari, usikinunue. Aliyeandika maneno hayo anangoja tu uweke pesa.

Pima mkoba kwa maisha yetu

Vitabu vingi vya kripto vimeandikwa kwa mtu mwenye nyumba tulivu, umeme na kabati lenye kufuli. Huku kwetu watu wanakimbia usiku. Simu inachukuliwa kwenye bariyeri. Nyumba inaungua, au mvua inaingia ndani ya hema la wahamaji. Kwa hiyo mkoba upimwe kwa mambo hayo.

Ukichagua mkoba wa kampuni, uliza mesaji ya kuthibitisha inafika wapi. Kama inafika kwenye laini ileile iliyochukuliwa pamoja na simu, hutaingia mpaka urudishiwe laini, na huenda ofisi ya kampuni ya simu iko mbali, njia nayo imefungwa. Imeli na neno lake la siri uvijue kwa kichwa, maana ndizo zitakazokurudisha.

Ukichagua mkoba wa ufunguo wako mwenyewe, maneno 12 yakae nje ya simu. Usiyapige picha, usiyatume kwa WhatsApp, usiyaandike ndani ya simu. Picha inaweza kuonekana na yeyote atakayeifungua simu hiyo. Yaandike kwa kalamu kwenye karatasi mbili, uzifunge katika plastiki, na uziweke mahali pawili tofauti. Moja inaweza kukaa kwa mzazi au ndugu unayemwamini katika mji mwingine. Usibebe karatasi na simu katika mfuko mmoja.

Halafu jaribu ufunguo kabla ya kuweka pesa ya maana. Weka kiasi kidogo sana, ufute programu, uiweke upya na uandike maneno. Pesa ikirudi, umeandika vizuri. Isiporudi, umejifunza kwa hasara ndogo.

Tena usionyeshe watu salio lako, wala usijisifu kanisani au sokoni kwamba una kripto. Mwenye silaha akikudai ufunguo, toa. Uhai hauna karatasi ya pili.

Rezo, makato na keshi

Kama vile pesa ya simu ina kampuni mbalimbali, kripto nayo ina rezo mbalimbali. USDT, sarafu inayofuata bei ya dola, inapita katika rezo nyingi. Anwani ya rezo ya Tron inaanza na T, ya Ethereum inaanza na 0x. Mikoba mingi inakataa anwani isiyofaa, lakini rezo kadhaa zina anwani zinazofanana, na hapo kosa linaweza kupita. Mtumaji na mpokeaji wakubaliane rezo kabla ya kutuma. Watume kwanza kidogo, wangoje kifike, ndipo watume kilichobaki. Hakuna namba ya kupiga ili pesa iliyokwenda pabaya irudishwe.

Jua pia kwamba ndani ya mkoba wako mwenyewe makato hulipwa mara nyingi kwa sarafu ya rezo ile. Mtu anaweza kuwa na USDT 40 katika rezo ya Tron na ashindwe kuzitoa kwa sababu hana TRX ya kulipia njia.

Kisha kuna swali la soko. Mama anayeuza mihogo hapokei Bitcoin. Lazima umpate mtu wa kununua kripto yako na kukulipa kwa pesa ya simu, halafu ulipe tena kabine ili upate keshi. Ndugu akituma dola 50, andika makato yote hatua kwa hatua, ulinganishe na njia ya kawaida. Mara nyingine kripto inashinda, mara nyingine haishindi. Na usimwachie mnunuzi sarafu kwa sababu ya mesaji aliyokuonyesha. Angalia salio lako mwenyewe kwanza.

Bei nayo inacheza. Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000 Novemba 2021. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Pesa ya masomo ya mtoto au ya dawa isingoje bei ipande. USDT inatulia zaidi, lakini nayo inategemea kampuni moja, Tether, kutimiza ahadi yake.

Mkoba wa kweli hauahidi faida

Wazee wanakumbuka Bindo Promotion, iliyoporomoka Kinshasa mwaka 1991 pamoja na akiba za watu wengi. Mchezo ule umerudi ukivaa nguo ya kripto. OneCoin iliuzwa hata Uganda. Haikuwa na daftari la kweli nyuma yake, na kiongozi wake, Ruja Ignatova, alitoweka mwaka 2017. Hukohuko Uganda, Dunamiscoins iliahidi faida kubwa, kisha ikafunga milango Desemba 2019. Jina hilo linatoka katika neno la Kigiriki la «nguvu», ambalo wahubiri wengi wanalijua kutoka Agano Jipya. Jina lenye harufu ya kanisa halikulinda pesa ya mtu.

Bitcoin yenyewe si hadithi. Katika mkoa wetu, Hifadhi ya Virunga ilianza mwaka 2020 kutumia umeme wa mto kule Luviro, Lubero, kuendesha kompyuta zinazotafuta Bitcoin, ili ipate pesa wakati watalii hawaji. Hiyo ni kazi ya mashine, umeme na gharama. Yeyote anayekuambia kripto itazaa asilimia 30 huku umelala, au kwamba lazima ulete watu watatu ndipo ulipwe, anakuuzia Bindo.

Shika alama hizi. Mkoba wa kweli unatunza ufunguo, hautoi faida. Haukuombi kuleta watu. Na hakuna mfanyakazi wa kweli, wala rafiki, wala mchungaji, anayehitaji maneno yako 12. Anayeyaomba ni mwizi, hata akisema anataka kukusaidia.

Pesa za kanisa

Pesa ya mtu binafsi ni jambo lake. Sadaka na michango ya wahamaji ni jambo lingine. Mtunza hazina akiwa peke yake na maneno 12, kisha akakimbia vita au akafa njiani, pesa ya parokia imekwenda naye, hata kama alikuwa mwaminifu kuliko wote. Uaminifu wa mtu hauwezi kufungua mkoba asipokuwepo.

Kuna mikoba inayodai funguo mbili kati ya tatu kabla pesa haijatoka, ili mchungaji, mtunza hazina na mzee mmoja washirikiane. Kwa parokia yenye mtu anayeielewa vizuri, ni njia nzuri. Kwa parokia nyingi za vijijini, daftari, akaunti ya simu na mashahidi wawili vinatosha. Zawadi ikitoka kwa ndugu wa ng'ambo kwa njia ya kripto, komite iipokee, iibadilishe siku hiyohiyo, na kiasi kilichofika mkononi kiandikwe mbele ya mashahidi.

Ndugu msomaji, kabla hujafungua mkoba, jibu maswali manne kwa sauti. Nani anashika ufunguo? Karatasi mbili ziko wapi? Nitaingiaje simu ikichukuliwa? Nitapataje keshi, na kwa makato gani? Kama swali moja halina jibu, ngoja. Mkoba hautakimbia, lakini pesa iliyopotea humo hairudi.