Samoa: Nyumba Isiyo na Ukuta

Kwenye nyumba isiyo na ukuta, mgeni abishe hodi wapi? Vitabu vingi vya kuitambulisha Samoa huanza na ramani. Mimi naona heri tuanze na swali hilo. Fale, nyumba ya asili ya Kisamoa, ni paa lililobebwa na nguzo, basi. Upepo unapita, jirani anaona unachokula, na mvua ikija huteremshwa mapazia ya makuti yaliyosukwa. Ndani watu hukaa mkekani wamekunja miguu, na nyayo hazielekezwi kwa mtu. Ukilazimika kupita mbele ya waliokaa, inama useme “tulou”. Neno hilo ndilo hodi yao, na samahani pia.

Ramani nayo ina haki yake. Visiwa vikubwa ni viwili, Upolu na Savai'i. Mji mkuu ni Apia, fedha ni tala, na wakazi ni kama 200,000. Usiichanganye na Samoa ya Marekani iliyo mashariki yake: watu ni ndugu, bendera mbalimbali. Siku hizi hata tarehe imewatenga. Mwisho wa 2011 Samoa ilivuka mstari wa tarehe ili iende sambamba na Australia na New Zealand, ambako biashara zake ziko. Watu walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba, wakaamka Jumamosi tarehe 31.

Kijijini utamsikia matai, mkuu aliyeteuliwa na ukoo na kupewa jina la cheo. Karibu asilimia 80 ya ardhi ni ya jadi, iko mikononi mwa wakuu hao, na haiuzwi. Bila umatai hugombei ubunge. Wapo wanaouita mfumo huu mzigo wa kale, na hoja wanazo. Lakini ndio uliostahimili utawala wa Wajerumani, kisha wa New Zealand. Mwaka 1918 watawala wa New Zealand waliiruhusu meli Talune kutia nanga Apia ikiwa na wagonjwa wa mafua, na karibu mtu mmoja kati ya watano akafa. Uchungu huo ulilisha harakati za Mau za kudai kujitawala, na tarehe 1 Januari 1962 nchi ikawa huru, ya kwanza katika visiwa vya Pasifiki karne hiyo.

Msomaji wa pwani yetu si mgeni kabisa. Kwa Kisamoa “lima” ni tano, na pia mkono. Kimalagasi, lugha ya ukoo mmoja na Kisamoa, husema “dimy”. Mabaharia wa ukoo huo wa lugha walifika hadi Madagaska, na wataalamu wengi huihusisha nao ngalawa yetu na matengo yake.

Ukienda, usipange shughuli Jumapili, kwani maduka mengi hufungwa. Na jioni kijijini, kombe likipulizwa kuita sala, simama hapo ulipo mpaka sala iishe.