Kuzidisha Si Lazima Kuongeza



Leo tunaanza na kisa cha kikundi kimoja cha akina mama ambacho tulikitembelea kikiwa karibu kuvunjika. Walikuwa wamenunua mahindi wakati wa mavuno, wakayaweka ghalani, kisha wakaanza kuyauza kwa shilingi 3,000 kwa gunia. Njaa ilipoingia wakaongeza bei kwa asilimia 20. Baadaye mahindi mapya yakaanza kuonekana sokoni, na mkutano ukakubaliana bei ipunguzwe kwa asilimia 20 ile ile. Kila mtu alitoka mkutanoni akijua kwamba bei imerudi 3,000. Mweka hazina ndiye aliyekaa chini na kalkuleta, akapata 2,880, na kwa bei hiyo akauza magunia 35 yaliyobaki.

Siku ya kusoma hesabu zikapungua shilingi 4,200. Mama wa watu akaambiwa amekula pesa. Tulipofika alikuwa ameacha kuja hata kwenye jumuiya, na watoto wake walikuwa wanaitwa majina njiani.

Tulifungua daftari lake mbele ya wote na hatukuona kosa. Kuongeza asilimia 20 ni kuzidisha kwa 1.2: 3,000 mara 1.2 ni 3,600. Kupunguza asilimia 20 ni kuzidisha kwa 0.8: 3,600 mara 0.8 ni 2,880. Asilimia ya kupanda ilitoka kwa 3,000, ikawa 600. Ya kushuka ilitoka kwa 3,600, ikawa 720. Tofauti ni shilingi 120, na 120 mara magunia 35 ni zile 4,200. Pesa hizo zilibaki mifukoni mwa wanunuzi, hakuna aliyezila. Kama mkutano ulitaka kurudi 3,000, ulipaswa kusema tupunguze sehemu moja ya sita, maana 3,600 ukiigawanya kwa sita unapata 600.

Tunadhani lugha yetu nayo ina mkono katika shida hii. Neno lenyewe ni kuzidisha, na kitu kikizidi, si kimekuwa kingi? Basi mtu akisikia zidisha anangoja namba kubwa. Kwa mambo ya kuhesabu watu na michango yao ni kweli: wanachama 15 mara shilingi 200 ni 3,000. Lakini namba unayozidishia ikiwa ndogo kuliko moja, jibu linapungua. Ikiwa ni moja, hakuna kinachobadilika. Ikiwa ni sufuri, kila kitu kinakwisha hata kama ulianza na milioni.

Hebu tuangalie shamba. Baba ana ekari 4 na wana wawili, kila mmoja anapata nusu: 4 mara nusu ni ekari 2. Mwana naye ana wana wawili: 2 mara nusu ni ekari 1. Mjukuu naye akigawa hivyo hivyo, kila mtoto wake anabaki na nusu ekari. Tumezidisha mara tatu na shamba limekuwa la kujenga nyumba na kupanda sukuma wiki basi. (Na hapo hatujawahesabu mabinti, ambao Katiba ya mwaka 2010 haiwaachi nje.)

Namba iliyozidi moja kidogo tu nayo isidharauliwe. Mtu amekopa shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na hajalipa chochote mwaka mzima. Kama riba ni ya ule mkopo wa kwanza tu, ni shilingi 100 kila mwezi, kwa hiyo atadaiwa 2,200. Lakini kama riba inatozwa juu ya riba, kila mwezi deni linazidishwa kwa 1.1, na baada ya miezi 12 ni shilingi 3,138. Kikundi kinachosema tu "riba ni asilimia 10" bila kuandika ni ya aina gani, kinajitafutia kesi.

Sasa tuje kwenye upande ambao unawasumbua wengi, yaani namba zenye alama ya kutoa mbele yake. Walimu wanaziita namba hasi, na zile za kawaida wanaziita chanya. Sisi tunazielewa vizuri zaidi kwa kufikiria deni. Ukiwa na 500 mfukoni ni chanya, ukidaiwa 500 ni hasi.

Kuna kikundi kilichokuwa kinajenga tangi la maji. Kilichukua mifuko 20 ya simiti kwa mkopo, mfuko mmoja shilingi 700. Kila mfuko ni deni, yaani hasi 700. Mara 20, jibu ni hasi 14,000. Angalieni kwamba ukubwa umeongezeka, lakini kikundi hakikutajirika. Chanya mara hasi ni hasi.

Walipofungua mifuko, mitatu ilikuwa imeganda kama jiwe. Mwenye duka, mtu mwungwana, akakubali kuirudisha na kuifuta kwenye kitabu. Kuondoa mifuko mitatu tunaandika hasi 3. Kila mmoja ulikuwa deni la hasi 700. Hasi 3 mara hasi 700, jibu ni chanya 2,100. Ndiyo, chanya! Mtu akikuondolea madeni matatu ya 700, si amekupa 2,100? Deni lao likawa 11,900.

Anayebisha afuate ngazi hii. 2 mara hasi 700 ni hasi 1,400. 1 mara hasi 700 ni hasi 700. Sufuri mara hasi 700 ni sufuri. Kila ukishuka kidato kimoja upande huu, jibu linapanda kwa 700. Basi kidato kinachofuata, hasi 1 mara hasi 700, kitakuwa nini kama si chanya 700?

Jambo hili si geni. Mwaka 628 huko India, mwanahesabu Brahmagupta aliandika kanuni hizi akitumia maneno ya mali na deni: deni mara deni ni mali, deni mara mali ni deni. Kumbe tangu zamani hizo watu walijifunza kwa njia ya kukopa na kulipa, kama sisi.

Kwa wale wanaopenda miguu kuliko daftari, tunawafundisha hivi. Simama mlangoni pa kanisa, hapo ni sufuri. Upande wa soko ni chanya, upande wa mto ni hasi. Alama ya kutoa inakuambia geuka nyuma. Ukigeuka mara moja unaangalia mto. Ukigeuka mara mbili unaangalia soko tena. Hatua ngapi utatembea ni habari ya ukubwa, na hiyo ni shauri lingine kabisa. Ndiyo maana hasi nusu mara hasi 4,000 ni chanya 2,000: tumegeuka mara mbili tukatazama soko, lakini urefu wa njia umekatwa nusu. Watu wengi hukosea kwa sababu wanachanganya haya mawili wakitaka jibu kwa mkupuo mmoja.

Yule mama mweka hazina, mwenyekiti alimwomba msamaha mbele ya wanachama wote, na katibu akaandika kwenye kitabu cha kumbukumbu kwamba bei mpya itatajwa kwa shilingi, isiachwe kwa asilimia peke yake. Bado anashika daftari.

Kwa mkutano ujao jaribuni hili. Kikundi kina shilingi 10,000. Mwaka wa kwanza pesa zimepungua kwa asilimia 50 kwa sababu ya kuku kufa. Mwaka wa pili zimeongezeka kwa asilimia 50. Kabla hamjashika kalkuleta, kila mmoja aandike anavyofikiri, kisha mlinganishe na jibu: shilingi 7,500.