Je, Wamjua Babu wa Babu Yako?

Msomaji mpendwa, hebu chukua kalamu na karatasi. Andika jina lako, juu yake jina la baba yako, na juu ya hilo jina la babu yako. Sasa endelea. Wengi wetu tulio wakazi wa jiji, kalamu husimama papo hapo. Twajua timu zote za kandanda na wachezaji wao, lakini baba yake babu hatumjui hata kwa jina.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Huenda ukadhani methali hiyo ni ya kupamba insha za shule tu. Lakini hapa Nairobi kuna mitaa miwili jirani, Kibera na Kawangware, iliyotenganishwa na Barabara ya Ngong, ambako jina la babu limekuwa jambo la shamba na la kitambulisho.

ASKARI WA KIBRA

Tuanze na Wanubi wa Kibera. Babu zao wengi walikuwa askari wa serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta, kusini mwa Sudan, chini ya gavana Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani. Majeshi ya Mahdi yalipoiteka Khartoum mwaka wa 1885, askari hao wakakatiwa njia ya kurudi kaskazini. Emin aliondoka mwaka wa 1889, nao wengi wakabaki karibu na Ziwa Albert. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard aliwakuta huko Kavalli, akawaandikisha na kuwaleta Uganda.

Jeshi la King's African Rifles, yaani KAR, lilipoundwa mwaka wa 1902, Wanubi walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Kuanzia mwaka wa 1904 walianza kupewa makao katika msitu nje ya Nairobi. Wao waliuita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka wa 1918 serikali ilitangaza rasmi eneo hilo, ekari 4,197 hivi, kuwa ardhi ya jeshi.

Askari walipewa vibali vya kulima, si hati za kumiliki. Hapo ndipo ilipozaliwa taabu. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoteuliwa mwaka wa 1932 na kutoa ripoti mwaka wa 1934, iliwahesabu kuwa wapangaji wa serikali tu.

Sasa tazama majina ya vijiji vya zamani vya Kibera: Kambi Muru, Kambi Lendu, Kambi Aluru. Hiyo ni nasaba iliyoandikwa ardhini! Wamoru ni wa Sudan Kusini, Walendu ni wa kaskazini mashariki mwa Kongo, na Waaluri wako pande zote mbili za mpaka wa Kongo na Uganda. Kumbe wale walioitwa kwa jina moja "Wasudani" walikuwa watu wa makabila mengi, waliounganishwa na bunduki, dini ya Kiislamu na lugha ya Kinubi. Isitoshe, walioa katika nchi walizopita. Kwa hiyo Mnubi anayefuata upande wa baba peke yake huipata nusu tu ya hadithi.

MBARI ZA KAWANGWARE

Vuka Barabara ya Ngong uingie Kawangware. Hapa mambo yalikwenda kinyume. Eneo hili la Dagoretti lilikuwa la Wakikuyu, na ardhi ilishikwa na mbari, yaani ukoo wa watu wa babu mmoja. Tume ile ile ya Carter ilipokuja, mbari nyingi za Kiambu zilileta madai yao kwa kuhesabu mababu mmoja baada ya mwingine: nani alifyeka msitu, nani alimrithi, na mpaka ulipita wapi. Katika miaka ya 1950 mashamba yaliunganishwa na kupimwa, wenyewe wakapata hati. Mwaka wa 1963 mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa, Dagoretti iliingia jijini na hati zake mkononi.

Lakini tahadhari, msomaji, ukiifuata nasaba ya Kikuyu. Mtoto wa kiume wa kwanza huitwa jina la babu mzaa baba. Basi Kamau humzaa Njoroge, Njoroge naye humzaa Kamau, na majina huzunguka kama gurudumu. Utamjuaje Kamau yupi ni yupi? Uliza rika lake la tohara. Marika yalipewa majina ya matukio, kama vile Mutung'u, yaani ndui, ya miaka ya 1890. Rika ndilo kalenda yako.

BEI YA KUTOJUA

Usidhani haya ni mambo ya kale. Kwa miaka mingi kijana Mnubi aliyetimiza miaka 18 aliitwa mbele ya kamati ya kumhoji kabla ya kupewa kitambulisho, akatakiwa alete karatasi za baba na hata za babu. Bila kitambulisho, hakuna kazi wala akaunti ya benki. Mwaka wa 2011 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki za Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki ya watoto Wanubi ya kuwa na uraia. Mwezi wa Juni 2017 Wanubi walipokea hati ya ardhi ya jamii, ya ekari 288. Linganisha na zile 4,197: ni chini ya sehemu moja ya kumi na nne.

UANZIE WAPI?

Anza na wazee walio hai. Usimwulize nyanya, "Ukoo wetu ulitoka wapi?" Swali hilo ni pana mno. Mwulize nani alimlea, nani alilipa mahari yake, na nani alizikwa wapi. Uliza upande wa mama pia.

Kisha fungua lile sanduku chini ya kitanda. Tafuta vyeti vya ndoa, vya ubatizo, karatasi za kustaafu jeshini, na kipande, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba tangu mwaka wa 1919 hivi. Ndani yake mliandikwa jina, kabila na waajiri. Kama wazazi wako walikuja Kawangware kupanga chumba wakitokea Magharibi au Nyanza, sanduku hilo liko mashambani. Likizo ijayo usirudi bila kulitazama. Kuna pia Nyaraka za Taifa, katika Moi Avenue, ambako faili nyingi za serikali ya kikoloni zimehifadhiwa.

Andika tarehe, andika na jina la aliyekusimulia. Karatasi husubiri, lakini mzee hasubiri. Nyanya yako akiwa hai leo, mtembelee Jumapili hii hii.