Kibali cha Bunduki cha Kentucky Hakifiki Chicago

Jamaa nyingi za Kasongo na Kabambare zina mtu wao Marekani. Wengi walipita njia moja: vita vya 1996 na 1998, Fizi, ziwa Tanganyika, kampi ya Nyarugusu kule Kigoma, miaka ya kungoja, halafu ndege. Leo tunaongea nao kwa WhatsApp. Wanatuma picha za harusi, za theluji, za mtoto aliyeanza kutembea. Siku hizi kunakuja pia picha ya kijana aliyevaa bastola kiunoni.

Sisi tuliobeba watoto mgongoni tukikimbia watu wenye bunduki, kutoka Salamabila hadi Wamaza, picha ya namna hiyo inatushtua. Tukiuliza, tunajibiwa: "Mama, huku inaruhusiwa." Hatudanganywi. Lakini hilo ni nusu ya jibu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoweza kumfunga mtoto, na hata kumwondosha nchini kule.

Kwetu sheria ya silaha ni moja kwa nchi nzima, ile ya tarehe 3 Septemba 1985, nambari 85-035. Inasomwa vilevile Kindu, Bukavu na Kinshasa. Kule kuna sheria chache za nchi nzima, lakini habari ya kubeba bastola iliyofichwa chini ya nguo, kila jimbo linajipangia. Jimbo linaweza kukubali kibali cha jirani au kukikataa. Permi ya gari ya Kentucky inakubaliwa majimbo yote, na hapo ndipo vijana wanapojidanganya: wanadhani bastola nayo ni hivyo hivyo. Desemba 2017 baraza la wabunge lilipitisha mswada wa kulazimisha majimbo yatambuane, lakini Seneti haikuupitisha.

Tuchukue safari ya kwenda harusi tu, kutoka Louisville kwenda Chicago, kama kilomita 480. Kentucky, tangu 2019, mtu wa miaka 21 asiyekatazwa na sheria anabeba bastola iliyofichwa bila kibali na bila hata saa moja ya mafunzo. Anavuka daraja la mto Ohio, tayari yuko Indiana. Huko nako kibali hakidaiwi tangu Julai 2022. Akifika Illinois mambo yanageuka. Wanadai kibali chao wenyewe, na kukipata lazima usome saa 16 na kuonyesha kuwa unajua kulenga. Vibali vya majimbo mengine hawavitambui. Mpita njia anaachiwa nafasi ndogo: bastola ibaki ndani ya gari, na akiliacha gari, ifungiwe. Akishuka nayo kiunoni kuingia kwenye ukumbi wa harusi, ni kosa la jinai, na kifungo chake ni mwaka 1 hadi 3. Bastola ni ileile, mtu ni yuleyule aliyeondoka nyumbani asubuhi bila kosa.

Illinois haiko peke yake. New York inadai saa 18 za mafunzo tangu Septemba 2022, na haikubali kibali cha nje. Walio Portland, jimbo la Maine, ambako kibali hakidaiwi, wakishuka Boston wanaingia Massachusetts, na huko kubeba bila kibali kifungo chake kinaanzia miezi 18.

Ndiyo maana hata Kentucky bado inatoa kibali kwa anayekitaka, baada ya mafunzo. Majimbo kadhaa mengine yanakiheshimu, na mwenye kibali amefundishwa angalau kidogo. Sisi tungependa mtoto asiwe na bunduki kabisa. Lakini kama ameshainunua, afadhali awe amesoma.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mkimbizi aliyepokewa kwa sheria, na mwenye kadi ya kijani, hawakatazwi kununua bunduki. (Aliye kule kwa visa ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida amekatazwa hata kuishika.) Lakini mwenye kadi ya kijani si raia. Akihukumiwa kwa kosa la kuwa na bunduki au kuibeba kinyume cha sheria, sheria ya uhamiaji inaruhusu afukuzwe nchini, hata kama kifungo kilikuwa kifupi, hata kama ana mke na watoto waliozaliwa kule. Raia mwenye kosa hilohilo anatoka gerezani na kurudi nyumbani kwake. Na kwenye fomu ya kununua, asijiandike raia kama bado. Uongo huo peke yake unaweza kumfukuzisha.

Kwa mabinti zetu waliooelewa kule kuna upande mwingine wa sheria. Mume aliyehukumiwa kwa kumpiga mke haruhusiwi kuwa na bunduki, jimbo lolote. Vilevile mume ambaye tribinali, baada ya kusikiliza pande zote mbili, imemwandikia amri ya kutomkaribia mke kwa sababu ni hatari kwake. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo la amri, majaji 8 dhidi ya 1. Binti anayetishwa na mumewe aijue njia hiyo.

Basi mama akipigiwa simu, asianze kwa kugomba, maana kijana atakata. Amuulize kwa upole: mwanangu, umeshapata uraia au bado ni kadi? Jumamosi hii unavuka jimbo gani? Usiku, wajukuu wangu wakilala, hiyo kitu inafungiwa wapi?

Na kama ameshakamatwa, asikubali kosa ili tu aachiwe haraka, kabla hajaongea na avoka anayejua sheria ya uhamiaji. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla iliyotoka Kentucky yenyewe, Mahakama ya Juu iliamua kwamba avoka lazima amwambie mgeni kama kukubali kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Aulize swali hilo kabla ya kutia sahihi chochote.