UZI: Kutilia shaka si kuthibitisha

1. Wadau, uzi mfupi. Kila msimu wa siasa, kutoka steji za Kitale hadi soko la Bungoma, nasikia hii: "Hayo matokeo yametiliwa shaka!" Na mjadala unaishia hapo, kana kwamba korti imeshaamua.

2. Waingereza husema "cast doubt", yaani kutupa shaka, vile mtu hutupa wavu majini. Kutupa wavu si kuvua samaki. Anayetilia jambo shaka ameuliza kama ni kweli. Hajaonyesha bado kwamba ni uongo.

3. Tuangalie 2022. Makamishna 4 kati ya 7 wa IEBC walijitenga na matokeo ya urais. Walisema asilimia zikijumlishwa zinafika 100.01, na hiyo 0.01 ni kama kura 142,000. Ilishtua. Lakini toa simu upige hesabu: kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, na asilimia 0.01 yake ni kama 1,420. Tena hazikuwa kura za ziada. Ni desimali tu zilizokadiriwa: 50.49 + 48.85 + 0.44 + 0.23.

4. Sasa rudi 2017. Waliopinga matokeo walienda Mahakama ya Juu, fomu zikakaguliwa, nyingine zikakosa alama za usalama. Tume haikufungua sava zake vile korti iliagiza. Tarehe 1 Septemba uchaguzi ukafutwa. Shaka hiyo ilikaguliwa, ikasimama.

5. Kwa hivyo mtu akitilia matokeo shaka, usimzomee, na usimpigie makofi bado. Muulize:
– Unashuku nini hasa: hesabu, fomu ama watu?
– Ni kituo gani?
– Nikitaka kujionea, niangalie wapi? Fomu 34A hubandikwa pale pale kituoni. Piga picha yako.

6. Mbona nasumbuka na maneno mawili? Kwa sababu shaka ya 2007 haikufika kortini. Waliolalamika hawakuziamini korti, na mambo yakaishia barabarani. Mapema 2008 uwanja wa maonyesho hapa Kitale ulikuwa kambi ya watu waliofukuzwa makwao.

7. Kushuku ni haki yako. Lakini ukishatupa wavu, uvute tuone umeleta nini.