Mwenyeji Aliyezidiwa na Wageni Wake

Hakuna mtu akaaye mwambao wa Fizi, huku Kongo, tangu Baraka hata Kazimia, awezaye kusema kwamba hamjui Harmonize. Kwani nyimbo za kijana huyu wa Mtwara huvuka Ziwa Tanganyika pamoja na magunia ya unga na katoni za sabuni zitokazo Kigoma, na kabla mzigo haujakwisha kupakuliwa, vijana wanaowajazia watu nyimbo katika kadi za simu kwa franka chache huwa wamekwisha kuzipata, kuzipanga na kuzipigia spika mlangoni ili mpita njia asimame. Kwa hiyo nataka nieleweke kwamba sitafuti ubishi ninaposema kuwa albamu yake ya kwanza, Afro East, iliyozinduliwa Dar es Salaam tarehe 14 Machi 2020, siku mbili tu kabla ya Tanzania kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, sikuipenda ilipotoka, na hata leo, baada ya kuisikiliza nyumbani, njiani na arusini, siipendi.

Wala simchukii mwimbaji. Laiti ningalimchukia, nisingalisikitika. Rajabu Abdul Kahali, ambalo ndilo jina lake hasa, aliingia masikioni mwetu mwaka 2015 kwa wimbo wa Aiyola, na mwaka uliofuata akatuletea Matatizo, ambao kwa hukumu yangu ni miongoni mwa nyimbo bora za Kiswahili za miaka ile. Humo hakuna fahari wala mbwembwe. Kuna sauti moja yenye majonzi, isiyo na haraka, ihesabuyo dhiki za mtu maskini moja baada ya moja, na ala zimekaa nyuma yake kwa adabu zikiipa nafasi ipumue. Nimepata kuona mafundi wa mitumbwi, watu wazima wenye wajukuu, wakiweka nyundo chini wimbo huu ulipokuwa ukipigwa, wasiseme neno mpaka umekwisha, kisha mmoja wao akamwambia mwenye simu, “Rudisha, mtoto wangu.”

Haikuwa ajabu. Wengi wa watu wa Fizi walivuka ziwa wakikimbia vita vilivyoanza mwaka 1996, wakalelewa au wakalea watoto katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Na tangu mwaka 2005, meli za wakimbizi zilipoanza kuwarejesha bandarini Baraka, walirudi na Kiswahili cha ng’ambo kikiwa kimechanganyika na chetu, na muziki wa bongo fleva ukiwa ni mali yao kama ulivyo mali ya mtu wa Temeke. Basi Matatizo ulipofika huku haukuhitaji mkalimani. Mtu aliyepanga foleni ya mgao wa chakula kwa miaka kumi alimsikia kijana wa Kimakonde akisema habari zake mwenyewe, naye akazijua kuwa ni zake yeye pia.

Kwa mtu aliyeanza hivyo, albamu ya kwanza ni ahadi kubwa. Wimbo mmoja huweza kuwa bahati, lakini nyimbo kumi na nane zilizokusanywa kwa hiari na kupewa jina moja ni wasifu, na msikilizaji ana haki ya kutazamia kwamba akimaliza atakuwa amemjua aliyeimba. Afro East ilikwenda kinyume cha matarajio hayo. Jina lake laitangaza Mashariki yetu kwa sauti kuu. Ndani yake, walakini, mwenyeji anashughulika mno kupokea wageni hata hapati wasaa wa kuketi nao. Wamo Burna Boy na Yemi Alade kutoka Nigeria, yumo Khaligraph Jones wa Kenya, yumo Lady Jaydee, bibi ambaye heshima yake katika muziki wa Tanzania haina shaka, na wengine baada yao. Na kila mgeni anapoingia, midundo hubadilika impendeze, lugha hubadilika imridhishe, na sauti ile niliyoitafuta husogea pembeni, ikawa ya kuitikia. Maneno ya mapenzi yaliyokwisha kuchakaa kwa kutumiwa na kila mtu hurudiwa mpaka yanakosa maana, na penye nafasi ya ubeti mmoja wa Kiswahili chenye uzito panawekwa fungu la Kiingereza ambalo mwimbaji mwenyewe halimkai kinywani.

Insafu yanitaka niseme kwamba kazi ya studio ni safi, midundo imepigwa ikapigika, na kwamba sijapata kuona arusi ambayo watu walikaa vitini wimbo wa Harmonize ulipoanza. Na ule mzozo wa Uno, wimbo ambao uliondolewa YouTube kwa muda baada ya Magix Enga, mtayarishaji wa Kenya, kudai mdundo wake umetumiwa bila idhini, mimi siuweki katika hesabu hii. Hayo ni ya wenye haki zao. Kasoro ninayoisema mimi isingaliondoka hata kama kila mdundo ungalilipiwa mara mbili.

Si kwamba naogopa muziki uvukao mipaka. Siti binti Saad alisafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi sahani zake za kwanza, akiwa mbele ya mitambo ya wageni, katika nchi ya wageni, kwa ajili ya kampuni ya wageni. Na bado sahani zile zilirudi Unguja zikiwa na Siti mtupu, kwa Kiswahili chake na mahadhi yaliyojulikana kuwa yake. Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya huko Katanga, alirekodiwa na mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey mjini Likasi, iliyokuwa ikiitwa Jadotville, mwaka 1952, akapiga Masanga kwa gitaa moja pasipo hata mwenzi wa kumshika mkono, na wapiga gitaa wa Nairobi wakakesha wakijaribu kuviiga vidole vyake. Remmy Ongala naye, mtu wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 akiwa na gitaa la Kongo mkononi, akajifunza kusema na Watanzania kwa lugha yao, juu ya mauti na ufukara wao, wala gitaa lile hakuliacha mpakani. Hao wote waliwapa wageni kilichokuwa nyumbani.

Kijana mmoja wa hapa Baraka, ambaye kibanda chake cha nyimbo sipiti bila kusimama, alinisikiliza kwa subira nilipomweleza haya, kisha akanijibu kwa adabu: “Papa, bila Wanaijeria nani atamsikia Lagos? Ulimwengu ndivyo ulivyo sasa.” Hoja yake ni nzito, nayo husemwa na wengi, kwa hiyo nilimjibu kwa mambo aliyonayo mwenyewe katika kompyuta yake. Nilimwomba afungue Kwangwaru, wa mwaka 2018, ambamo Harmonize yuko na Diamond Platnumz, Watanzania wawili wakiimba Kiswahili na kucheza cha kwao, wala hakuna mgeni aliyealikwa awadhamini; na wimbo huo ulivuka mipaka mingi kabla ya Afro East kufikiriwa. Kisha nikamwomba afungue Yo Pe wa Innoss’B, mtoto wetu wa Goma, ambaye mwaka 2019 alimkaribisha Diamond huyo huyo, nyota mkubwa kuliko yeye, naye Diamond akaja akauimba wimbo kwa masharti ya mwenyeji, Kilingala kikabaki mahali pake na uchezaji ukabaki wa Kikongo. Mgeni alikuwako, tena mgeni wa kuogofya, na mwenyeji hakupotea.

Kijana alizipiga zote mbili mpaka mwisho. Akaniambia kwamba atakubali neno langu juu ya Kwangwaru, lakini Afro East hataitoa katika orodha yake, kwa kuwa watu huiomba. Sikumtaka aitoe. Nilimlipa franka zake, akanijazia kadini Aiyola na Matatizo, ambazo simu yangu ya zamani ilizama nazo ziwani, na zile kumi na nane nikamwambia azibakishe kwake.